Sultani wa Futi Sita

Jumatatu, 19 Mei

Kliniki asubuhi. Mimi na Mheshimiwa tumepimwa, tumeguswaguswa, tumesifiwa. (Mheshimiwa ni huyu aliyemo tumboni. Tunamwita hivyo kwa sababu hajafanya kazi hata siku moja na kila mtu anampisha.)

Nesi aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia magodoro. Akashtuka, akauliza kama nayabeba. Nikamwambia dada yangu, mtu wa hadhi yangu habebi, anauza. Akapumua. Akasema hata hivyo mwezi wa mwisho ndio huu, nianze kufikiria siku ya kuacha kazi. Siku gani hasa? Akasema hawezi kunipangia. Mwili wenyewe utaniambia, na ukiniambia basi, iwe basi.

Vizuri sana! Mwili wangu naujua. Ni mwili wa kimya.

Mume wangu anataka niache Ijumaa hii. Nimemwambia haiwezekani, ni tarehe 31 au hakuna. Sababu ni Sultani.

Niandike vizuri, maana hii shajara ipo siku watu wataisoma. Dukani kwetu kila godoro jipya linafungwa utepe mwekundu. Ukiliuza, mteja anakata utepe, wewe unauchukua na kuuunga kwenye mkia wako unaoning'inia ukutani kwenye msumari. Tuko wauzaji wawili, misumari miwili, mikia miwili. Bosi ametangaza kwamba mwenye mkia mrefu jioni ya tarehe 31 anapewa Sultani. Huyu ni godoro, lakini siwezi kumwita "hilo". Futi sita kwa sita, kitambaa cha maua ya dhahabu. Ukimkalia anakupokea kama shangazi.

Na la kwetu? La kwetu lina bonde. Unalala pembeni na heshima zako, kufumba na kufumbua mko bondeni wote wawili, mmebanana kama viazi kwenye gunia. Miaka minne tumeishi hivyo. Lakini Mheshimiwa akija tutamlaza wapi? Tukimweka katikati tutamporomokea pande zote mbili.

Kwa hiyo Sultani lazima aje nyumbani kabla ya Mheshimiwa. Basi.


Jumanne, 20 Mei

Akili yangu inanitisha mwenyewe!

Asubuhi nilimwendea Bosi, nikamwambia kwamba kusimama kutwa kunanichosha, naomba kuonyesha magodoro nikiwa nimelala. Akasema muuzaji halali. Nikamuuliza ni nani katika mji huu anayejua zaidi kama godoro ni zuri, mwanamume mwenye suti au mwanamke mwenye ujauzito wa miezi minane na ushei? Akafikiri. Akafikiri tena. Bosi akifikiri mara mbili ujue umeshinda.

Nikavua nailoni ya godoro la maonyesho. Nikajilaza. Mteja wa kwanza, mzee na mkewe, wakaniuliza linafaa? Nikasema: "Mama yangu, nitazame tu."

Tatizo lilikuja wakati wa kuamka. Kulala ni rahisi, tumbo linatangulia lenyewe. Kuinuka ni habari nyingine. Nilijaribu ubavu huu, nikajaribu ule, nikawa kama kobe aliyepinduliwa. Mwishowe yule mzee akanishika mkono wa kulia, mkewe wa kushoto, wakahesabu moja mbili tatu, wakanivuta mpaka nikasimama.

Na hapo ndipo nilipogundua siri ya biashara ambayo hakuna shule inayoifundisha. Mtu akishakuvuta mpaka ukasimama, mmekuwa ndugu. Hawezi kuondoka bila kununua. Anaona haya!

Utepe. Mteja wa pili akanivuta. Utepe. Wa tatu alikuwa mwembamba mno, nikamwonea huruma, nikamwita wa nne wasaidiane. Tepe mbili!

Shuleni niliishia pale hesabu zilipoanza kuwa na herufi. Nilisema hapana, hawa wameishiwa namba. Lakini hesabu ya leo nimeielewa vizuri tu. Mkia wangu umefika usawa wa kiuno.


Alhamisi, 22 Mei

Bi Mito ameanza chokochoko.

Bi Mito ndiye mwenzangu wa msumari wa pili. Anaitwa hivyo kwa sababu aliingia dukani akiuza mito peke yake, na mpaka leo akisimama na wewe anaangalia shingo yako kwanza. Mwanamke mrefu, mnyoofu, hacheki ovyo. Tumekaa pamoja miaka mitatu na sijawahi kumwona akiketi.

Leo nilikuwa nimelala, wateja wawili wakiniangalia kwa mapenzi, karibu kabisa kuingia kwenye ndoano. Bi Mito akapita na kitambaa chake cha kufutia vumbi. Akawaambia, kwa sauti ya upole kama mtu anayesoma taarifa ya habari, kwamba mjamzito wa miezi hii anapata usingizi hata juu ya gunia la mkaa, kwa hiyo wasiniamini.

Wakacheka! Wakaenda naye! Wakakata utepe wake!

Nilitaka kumkimbilia nimwambie mawili matatu. Lakini hakukuwa na mtu wa kunivuta.


Ijumaa, 23 Mei

Mume wangu alikuja dukani na baiskeli yake (yeye ni fundi baiskeli, mikono yake ina grisi hata akitoka kuoga). Alileta chakula, mto mdogo wa mgongo, na uso wa mtu aliyejiandaa kwa hotuba. Alimwomba Bosi anipumzishe kuanzia leo.

Maskini ya Mungu. Alikosea mtu wa kumwomba. Bosi hajauza hivi tangu duka lifunguliwe. Akamweka mume wangu chini, akamweleza kwamba kazi inafanya damu itembee, kwamba hata bibi yake alifanya kazi mpaka dakika ya mwisho na akajifungua watoto kama matofali. Mume wangu akamwambia kama damu inahitaji kutembea hivyo, basi Bosi avae tumbo hilo yeye wiki moja tuone.

Nilicheka mpaka Mheshimiwa akanipiga teke. Nampenda huyu mwanamume. Lakini siachi.

Jioni alinisihi tena huku akiniosha miguu. Alisema tairi halisubiriwi lipasuke ndipo litengenezwe. Nikamwambia mimi si tairi. Akaitazama sana miguu yangu. Mtazamo ule sikuupenda.


Jumapili, 25 Mei

Siku ya mapumziko. Mume wangu akaja na mpango wake mwenyewe, na nauandika hapa ili dunia ijue kwamba katika nyumba hii mwenye akili za mipango ni mmoja tu.

Alisema hakuna haja ya Sultani. Bonde linajazwa. Alichukua mipira ya ndani ya tairi za baiskeli, akaipanga bondeni, akaijaza upepo kwa pampu, akatandika shuka. Mchana kweupe tukajilaza kwa majaribio. Loo! Kweli tulikuwa tumenyanyuka! Tulikuwa tunaning'inia kidogo, kama tuko kwenye boti, lakini tumenyanyuka. Akanitazama kwa majivuno. Nikamgeukia nimpe pongezi.

Kugeuka tu, paa!

Mlio ule ulisikika mpaka kwa majirani. Mimi nilidhani ni Mheshimiwa ametoka. Nikapiga kelele kwamba anakuja, anakuja! Mume wangu akaruka, akavaa kiatu kimoja, akatoka mbio kutafuta teksi, akarudi kuniuliza kama nimeshajifungua. Nikamwambia ni mpira. Akauliza ni mpira wa kiume au wa kike. Mtu akichanganyikiwa!

Tulicheka huko chini bondeni mpaka machozi yakatutoka. Kisha wa pili nao ukapasuka.


Jumatatu, 26 Mei

Sina maneno. Nayatafuta.

Bi Mito amekuja kazini na tumbo.

Jumamosi aliondoka bapa kama ubao wa kupigia pasi. Leo asubuhi ana miezi minane! Amevaa gauni pana, anatembea kwa kuyumba, mkono kiunoni, anahema kwenye ngazi. Nikamwangalia. Akaniangalia. Akasema "Habari za asubuhi, mwenzangu," akaenda kulala kwenye godoro lake.

Wateja wakamvuta! Mmoja alimpa chungwa! Tepe tatu kabla ya saa nne!

Nilikuwa nimekunja ngumi. Nilitaka kumwumbua mbele ya watu. Lakini nikawaza, nitasema nini? Kwamba tumbo lake ni la uongo? Wangesema wivu. Basi nikajitia hamnazo, nikampitia karibu tu nikamnong'oneza kwamba mtoto wake ameanza kuhamia mgongoni.

Saa sita akaja mama mmoja mnene mwenye furaha, anataka godoro la kijana wake. Bi Mito akajisahau, akainama kupima kitanda kwa futi. Mto ukateleza, ukatoka chini ya gauni, ukaanguka sakafuni mbele ya mama yule. Bi Mito alibaki ameinama vile vile, masikio yamemwiva. Tangu nimjue, ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona kama mtu anayeweza kulia.

Sijui kilichoniingia. Nilikuwa nimeshinda! Lakini mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikapiga vigelegele, nikapaza sauti: "Hongera, mwenzangu! Umejifungua salama! Na hajalia hata kidogo!"

Yule mama alicheka akashika ukuta. Akanunua godoro, akanunua na mto, akasema mtoto aliyezaliwa mbele yake hawezi kumwacha dukani. Utepe ukaenda kwenye msumari wa Bi Mito.

Mimi na moyo wangu huu! Ipo siku utanifilisi.


Jumatano, 28 Mei

Viatu vyangu vimekataa. Si vya kazini tu, vyote. Nimekuja na kandambili za mume wangu. Nimewaambia wateja ndio mtindo.

Mgongo nao una maneno yake. Mheshimiwa ameshuka chini, akigeuka naona nyota. Nimefikiria kama haya ndiyo yale aliyoyasema nesi, ya mwili kuniambia. Nimeamua siyo. Miguu si mwili wote. Mgongo ni sehemu ya nyuma tu. Mwili wenyewe, mwili kwa ujumla wake, haujatoa tamko.

Kulala kwenye godoro la maonyesho sasa ni hatari, maana macho yanafumba kweli. Muuzaji anayelala kweli hauzi. Kwa hiyo nimepata mahali pa kupumzikia kwa siri: kabati la nguo la milango miwili, pale nyuma. Ndani nimeweka kistuli. Naingia, nafunga, napumua kidogo, natoka mpya.

Ilienda vizuri mpaka alasiri, bwana mmoja mwenye miwani alipofungua kabati kuangalia nafasi ya kutundikia makoti. Akanikuta. Nimeketi, kandambili mkononi, mdomo wazi. Nilimwambia karibu. Yeye alipiga ukelele ambao sikutegemea kwa mtu wa miwani.

Bi Mito akatokea papo hapo, sura kavu. Akamwambia bwana yule kwamba ni huduma ya duka, tunataka mteja aone kwa macho yake kuwa kabati linamweka mtu mzima na tumbo lake, na nafasi inabaki. Bwana akaingiza mkono, akapima nafasi iliyobaki, akanunua kabati.

Kabati halina utepe, kwa hiyo hakupata kitu. Ananivizia, huyu. Alinishika mkono akanitoa mle ndani taratibu, akaniletea maji. Mbinu za hali ya juu! Lazima niwe macho.


Ijumaa, 30 Mei

Mikia inakaribia kulingana. Wangu umezidi kwa upana wa kiganja. Bosi amekuja na rula.

Mume wangu ameniwekea kitambaa laini kwenye mikanda ya kandambili zake, zisinichubue.

Kesho ndiyo kesho. Nimempa Bosi mpango wangu mkuu: Sultani ahamishiwe dirishani, mbele kabisa, kwenye kioo kinachotazama barabara. Nilale hapo, mji mzima unione. Bosi alifikiri mara tatu!

Bi Mito akauliza kama nina hakika. Nikamwambia asubiri kesho atajifunza kitu.


Jumamosi, 31 Mei

Naandika nikiwa kitandani, kwa hasira, ingawa hasira yenyewe haikai vizuri kwa sababu nimepumzika sana.

Ilikuwa hivi. Saa tatu kasoro nilipanda juu ya Sultani, dirishani. Wakamvua nailoni yake. Nikajipanga ubavu, mkono chini ya shavu, tabasamu. Watoto wawili wakabandika pua kwenye kioo. Mama mmoja na kikapu akasimama. Mwanamume mmoja akasimama nyuma yake. Nikajiwazia, haya, wamekwisha. Nitafumba macho kidogo tu, kwa kunogesha.

Nilipofumbua, duka lilikuwa limefungwa.

Lilikuwa tupu! Kuta zinaonekana! Magodoro yaliyokuwa yamerundikwa hadi darini yamekwisha. Mume wangu ameketi sakafuni miguuni pangu, kandambili mapajani. Bosi anatembea akiongea peke yake kwa furaha. Na kwenye msumari wa Bi Mito kuna mkia uliofika sakafuni na kujikunja kama nyoka aliyeshiba.

Nililala usingizi wa pono kutwa nzima. Watu walijaa barabarani kunitazama. Walisema hawajawahi kuona binadamu akilala vile, kwamba nilikoroma kwa raha, kwamba mahali fulani nilicheka. Kila aliyeingia alisema nipe kama la yule dada. Na nani aliyekuwa wima wa kuwauzia? Mmoja tu!

Nikadai haki yangu. Nikasema aliyeuza ni mimi, yeye alikata tepe tu! Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniamsha. Mume wangu akasema alipofika mchana alikuta Bi Mito ameweka kiti mbele ya dirisha kuzuia watu, anawaambia wateja wote wanong'one. Bosi mwenyewe alipokohoa alitolewa nje. Bi Mito hakujitetea. Alisema tu kwamba alinitazama, akaona siku ile nilikuwa nahitaji usingizi kuliko nilivyohitaji godoro.

Sultani wakamfunga kamba, Bi Mito akaenda naye.

Njiani, nimekaa nyuma ya baiskeli ambayo mume wangu aliisukuma kwa mkono, nilifikiria maneno ya nesi. Mwili haukuniambia kitu. Ni mjanja kama mimi. Ulijua ungeniambia ningekataa.

Basi, nimeacha kazi kuanzia leo. Uamuzi wangu mwenyewe, ieleweke. Nimeufanya nikiwa nimelala, lakini ni wangu.


Jumanne, 3 Juni

Mkokoteni mlangoni. Nikatoka na tumbo langu kuangalia. Bi Mito na Fundi Kisu, yule anayekata sponji dukani kwa kisu kirefu kama upanga.

Bi Mito alisimama, hataki kuketi kama kawaida yake. Akasema kitanda chake ni cha futi nne. Sultani ni sita. Wamejaribu kumlaza, amening'inia pande zote kama mtu mnene kwenye stuli. Ikabidi akatwe. Kimebaki kipande cha futi mbili, urefu wote wa kitanda, na yeye hana pa kukiweka, na kukitupa ni dhambi. Alisema yote hayo akiangalia ukuta.

Fundi Kisu akaingia chumbani, akapima bonde letu kwa mkono, akakichonga kipande kile huku na huku, akakipachika. Kikakaa kama jino kwenye ufizi. Akapiga kofi katikati. Tambarare!

Macho yaliniwasha. Vumbi la sponji, bila shaka. Nilimwambia Bi Mito kwamba alijua tangu mwanzo kitanda chake ni cha futi nne. Akasema alijua. Nikamuuliza sasa alishindania nini? Akasema raha ya kushindana na mimi haipatikani mahali pengine.

Kisha akaketi! Kwenye kiti changu! Akaomba kushika tumbo. Mheshimiwa akampiga teke la heshima. Bi Mito akasema ule mto wake ulikuwa mzuri, watu walikuwa wanampisha njiani, lakini haukuwahi kufanya hivi.

Tukanywa chai mpaka ikaisha.


Alhamisi, 12 Juni

Mheshimiwa amefika! Jumapili, mchana, msichana, kelele kama honi ya lori. Nesi alikuwa yule yule. Aliniuliza kama mwili uliniambia siku ya kuacha kazi. Nikamwambia tulielewana.

Tangu Jumanne ile tunalala kwenye kitanda tambarare. Kila mtu upande wake, nafasi tele, mambo ya kitajiri. Leo asubuhi mume wangu alikuwa na macho mekundu. Nikajua ni mtoto. Akasema hapana. Alizungukazunguka, mwishowe akakiri kwamba anageuka hanipati. Miaka minne amelala na mtu anayemporomokea, sasa amekuwa kama mgeni kwenye kitanda chake.

Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo ila sikutaka kuonekana mshamba.

Basi tumekichomoa kipande cha Sultani. Tumekiweka chini, ukutani, kando yetu, na Mheshimiwa amelala juu yake kama binti mfalme. Sisi tumerudi bondeni. Viazi kwenye gunia. Roho kwatu.

Bi Mito alipita jioni na habari. Bosi ametangaza shindano la mwezi huu: vitanda vya watoto. Zawadi ni kabati la milango mitatu. Aliniambia hivyo kwa kunichokoza tu, akaondoka zake akitabasamu, anajua niko kitandani na nesi ameagiza nipumzike wiki nyingi, mpaka mwili uniambie uko tayari.

Nimemwangalia Mheshimiwa. Ana siku nne, na analala kama mtaalamu. Mikono juu, mdomo wazi, tabasamu. Kipaji cha kurithi! Ukimweka dirishani, kwenye kitanda kidogo cheupe, shuka ya waridi...

Mume wangu ameuliza nacheka nini. Nimemwambia sicheki.

Nimeusikiliza mwili wangu kwa makini kabisa. Umekaa kimya. Nimeuchukulia ukimya huo kuwa ni ndiyo.

Jumatatu tunaanza.